A ya Alasiri

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa inauliza saa. Kila asubuhi nikiiwasha, kabla haijafanya lolote la maana, inatoa mstari wa Kiingereza: leo tarehe gani, na sasa hivi saa ngapi? Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa tangu siku iliposhushwa garini, na bila betri ile ilikuwa ikizimwa inasahau kila kitu cha siku na saa. Nilikuwa naijibu kwa adabu, kama unavyomjibu mpita njia. Naangalia mkononi, naona saa mbili, naandika 2:00. Umeme ukikatika ukarudi saa tano, inauliza tena, naandika 5:00. Sijawahi kuidanganya hata siku moja, na hilo naomba mlikumbuke, maana alikuja mtu akaniita mwongo mbele ya watu.

Saa yenyewe ilikuwa ya marehemu baba. Sisi ni watu wa mjini Dodoma; mababu zetu walikuja na misafara ya biashara, wakapumzika hapa, na hawakuondoka tena. Baba alikuwa fundi cherehani na hakupenda kufanya hesabu mbili kwa jambo moja. Saa zake zote, ya ukutani na ya mkononi, alizitega kwa Kiswahili: ikiwa saa mbili, mshale mfupi unaelekea mbili. "Kwa nini saa iseme nane halafu mimi niseme mbili?" alikuwa akiuliza. "Mmoja wetu atakuwa kichaa." Alipofariki nikairithi ile ya mkononi, na sikuibadilisha.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, miaka ya ruksa, mji umeanza kujaa mitumba na redio za kaseti, na maofisini watu wanaogopa neno moja tu: kupunguzwa. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye mradi wa visima vya maji, ofisi ya vyumba vinne mtaa wa Kikuyu. Kompyuta mbili zilipoletwa, moja ya mkuu wetu na moja yangu, wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Sasa mashine itafanya kazi yako, wakasema. Nikawaambia itaandika yenyewe siku ikiota vidole. Nina mdomo, sikatai, na mdomo huo umeshaniponza mara nyingi.

Mtu niliyefanya naye kazi kuliko wote alikuwa mpima visima wetu, mzee wa Kigogo aliyebakiza miezi michache kustaafu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Anafika kwenye kisima, anashusha kamba yenye alama na kipande cha chuma mwishoni, anatega sikio mpaka asikie pwa! Kisha anaandika kwenye daftari maji yako chini kiasi gani, na kuyaonja kama ni matamu au ya chumvi. Miaka kumi na moja alifanya hivyo. Alikuwa akiingia chumbani kwangu na vumbi lake, ananisalimu "Mbukwa!" kabla sijampa shikamoo yake, kwa makusudi, ili anicheke nikibabaika.

Na chai yake! Vijiko sita vya sukari, kikombe kimoja. Sukari ya ofisi tulikuwa tunachanga, kwa hiyo vijiko sita vilikuwa vinaonekana. Siku moja nikamwambia, "Mzee, wewe hunywi chai, wewe unapika kashata." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia sababu, nami nikatamani ningefunga mdomo.

Kijijini kwake, mwendo kidogo ukishapita Mkonze, maji ni ya chumvi. Miaka kumi na moja nyuma, mtambo wa kuchimba ulifika kwa mara ya kwanza, na yeye, akiwa mgeni kazini, ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba, mashariki ya korongo. Maji yakatoka. Wanawake wakapiga vigelegele, akapewa kikombe cha kwanza kwa heshima, akanywa mbele ya kijiji kizima. Chumvi tupu. Maharage hayaivi kwa maji yale, sabuni haitoi povu, na wakati wa kiangazi, vidimbwi vya mbali vikikauka, mkewe humpikia chai kwa maji hayo hayo. Ulimi wake ulikuwa umezoea kuizika chumvi kwa sukari, hata akiwa mjini kwenye maji mazuri. Watoto wa kule walimwita Bwana Chumvi, na wale watoto sasa walikuwa watu wazima wenye watoto wao, na jina lilikuwa bado hai.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nataka kitu kimoja tu kabla sijarudi kukaa kule. Mtambo urudi, uchimbe pale ninapopajua sasa."

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakuwahi kuwekeana akiba na mchwa wa Dodoma. Masika moja tulifungua kabati la stoo, tukakuta madaftari ya mzee yamesimama wima, majalada mazuri kabisa, na ndani ni udongo. Mzee alishika moja, likamwagika. Alikaa juu ya debe, kofia magotini.

Tulichobakiwa nacho ni kile nilichokwisha kukiingiza kwenye kompyuta. Kwa bahati nilikuwa nimeingiza karibu vyote, maana alikuwa akinisomea mchana baada ya mchana, kijiji kwa kijiji, kwa mpangilio wa alfabeti. Kila kijiji faili lake. Mkoa wetu unapenda herufi M, jamani: ukianza na Makang'wa hufiki Mvumi leo wala kesho, na mashine yenyewe ilikuwa inakubali jina la herufi nane tu, kwa hiyo nilikuwa nakata majina kama nakata mikia ya panya. Kijiji cha mzee jina lake naliweka moyoni, ila lilianza na Z. Lilikuwa faili la mwisho kabisa.

Kisha tukaambiwa mradi unafungwa. Wafadhili wanaondoka, ila kabla ya kuondoka mtambo utapita mara moja tu, vijiji tisa, na cha mzee kimo. Mara moja tu. Baada ya hapo hakuna mtambo, hakuna mradi, na mzee atarudi kijijini ama na maji ama na jina lake lile.

Sasa nisikilizeni vizuri siku yenyewe ilivyokwenda. Mkuu wetu alikuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam mchana huo. Asubuhi, saa nne, akafungua kwenye kompyuta yake mafaili ya vijiji tisa, nakala nilizokuwa nampelekea kwa diski, akaongeza mstari mmoja chini ya kila faili, "Tayari kwa kuchimba", akahifadhi, akafunga chumba, akaondoka. Mchana, baada ya swala ya adhuhuri, mzee akaingia kwangu na baiskeli yake mpaka mlangoni, jasho linamtoka. Alikuwa ametoka kijijini kwake. Alikuwa amechimbisha vishimo vya majaribio kwa wiki mbili, akaonja, akapima, na sasa alikuwa na uhakika: si mashariki, ni magharibi ya korongo, hatua mia mbili na kumi kutoka mgunga mkubwa. Maji matamu. Akanipa na vipimo vya vijiji vingine viwili alivyopitia njiani. Nikavifungua kwangu, nikafuta ya zamani, nikaandika mapya, nikahifadhi. Saa saba na dakika thelathini na tano. Nikamwambia, "Mzee, imeingia. Hata mchwa waje na jembe."

Kwa hiyo kompyuta ya mkuu ilikuwa na habari za zamani, yangu ina mpya. Sikuwa na wasiwasi, maana wiki iliyofuata alikuwa anakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kukusanya mafaili ya kompyuta zote mbili yawe kitu kimoja, na kutoa nakala ya akiba ya kila kitu.

Mtaalamu alikuja. Kijana mpole, kasoma Ulaya miaka mingi, shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata. Shikamoo aliitoa vizuri kwa wakubwa, mimi akaniita dada, na nikampenda kwa jambo moja: hakunificha kazi. Alinikalisha kando yake akanionyesha. Mafaili yalikuwa yanapita mia saba, na diski moja laini haibebi hata arobaini. Ukitumia amri ya kawaida, diski ikijaa inakwama, na hujui umeishia wapi. Yeye akaandika XCOPY na alama ya /M mwishoni. "Kila faili lina kialama kinachosema halijanakiliwa," akasema. "Amri hii inanakili, halafu inakifuta kile kialama. Diski ikijaa unatia nyingine, unarudia amri ile ile, inaendelea palepale." Nikarudia amri, diski baada ya diski, na kila ikitoka niliandika kwa mkono wangu kwenye karatasi yake kijiji cha kwanza na cha mwisho kilichomo. Diski ishirini na mbili. Nilijisikia mtu, wallahi. Mstari mmoja wa herufi, na mia saba wanatii.

Ila jioni ile akaniuliza swali la ajabu. Alikuwa ameangalia orodha ya mafaili yangu. "Dada, hapa ofisini kuna mtu anafanya kazi usiku?"

"Usiku? Hapa saa kumi na moja kuna popo tu."

"Kuna mafaili yameandikwa saa nane usiku. Mengine saa tisa, saa kumi alfajiri. Mengi."

Alikwenda kumhoji mlinzi. Mlinzi wetu alikuwa mtu mzima wa Mkonze, mwaminifu mpaka anakera, haruhusu hata paka bila kuuliza. Akaapa kwamba hata funguo za ndani hana. Mtaalamu akaandika barua kwa mkuu kwamba mlinzi huenda anaingiza watu usiku. Nikamjia juu. Nikamwambia huyu mlinzi kuiba hajui, na kompyuta hajui hata inakofunguliwa. Lakini zile saa zilibaki pale pale kwenye orodha, na mlinzi mwenyewe akaanza kuogopa. "Labda wapo kweli," akaninong'oneza. "Wengine hawapiti mlangoni."

Kesho yake asubuhi kompyuta yangu ilifutwa yote, ikapakiwa kwenye pikapu ikapelekwa shule moja ya sekondari, kama ilivyokuwa imepangwa. Mtaalamu akaingia chumba cha mkuu na diski zangu ishirini na mbili. Huko akaandika amri nyingine, REPLACE, na /U. Hii inalinganisha, akaeleza: kila faili la kwenye diski linatazamwa na mwenzake aliyemo kwenye kompyuta, na la kwenye diski likiwa jipya zaidi linachukua nafasi. Likiwa la zamani, linaachwa. Inaangalia tarehe na saa. Safi kabisa, nikasema. Haki itendeke.

Alipomaliza akachapa karatasi za vijiji tisa kwa ajili ya watu wa mtambo. Kisha, kwa kuwa diski mpya hakuna na za zamani ndizo hizo hizo, tukaanza kuzifuta moja moja ili zibebe nakala ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa natia. Ya kwanza, krrr, imefutika. Ya pili. Ya tatu. Mkono wangu mwenyewe.

Ya sita ikiwa ndani, mzee akaingia. Nikampa karatasi ya kijiji chake, natabasamu kama mama mwenye mtoto anayesoma. Alivaa miwani. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa mashariki," akasema.

"Hapana, mzee. Magharibi."

"Mashariki, mwanangu. Ni pale pale pa chumvi."

Nikainyakua. Mashariki ya korongo. Na chini yake: Tayari kwa kuchimba. Nikamgeukia mtaalamu, nikamwambia mashine yake imechukua la mkuu na kuacha langu. Akaangalia orodha aliyokuwa ameichapa, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi: "Dada, la mkuu liliandikwa saa nne asubuhi. Lako, siku ile ile, saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi. La mkuu ndilo jipya."

"Saa moja asubuhi mimi niko kwangu nachemsha chai! Nimeliandika mchana, mzee huyu amesimama hapa na baiskeli yake. Saa saba!"

"Kompyuta haisemi uongo, dada."

"Ebo! Kwa hiyo anayesema ni mimi?"

Akaigonga ile orodha kwa kalamu. Kugonga kule kulikuwa ni kuniita mwongo, tena mbele ya mzee, na huku nje tayari kuna mlinzi wa watu anaitwa mwizi. Mzee alikuwa amekaa, kofia magotini, kama siku ile ya mchwa. Akasema tu, "Mtambo unafuata karatasi. Mimi nikiwaambia magharibi, watasema mzee, wewe ndiye uliyetuonyesha chumvi." Sikuweza kumtazama.

"Nionyeshe hiyo saa," nikamwambia mtaalamu. "Nionyeshe kwa macho yangu."

Akaweka kidole kwenye orodha. Jina la kijiji cha mzee, tarehe, halafu 7:35a.

"Si ndiyo hiyo!" nikapiga kelele. "Saba na dakika thelathini na tano! Umesoma mpaka Ulaya, saba huijui?"

"Na hii a?"

"A ya adhuhuri!"

Akapandisha kidole juu kidogo, kwenye faili jingine, 2:10a. "Na hii?"

"A ya asubuhi. Saa mbili na dakika kumi asubuhi."

"Na hii hapa, 9:40a?"

"A ya alasiri. Kuna nini kigumu?"

Na kweli ndivyo nilivyoamini tangu siku ya kwanza nilipoiona orodha ile. Asubuhi, adhuhuri, alasiri, zote A, na mimi ofisini sijawahi kupitisha alasiri. Nilikuwa najisemea moyoni, mashine hii imetoka Ulaya lakini imesoma madrasa.

Mtaalamu akaweka kalamu mezani. "Dada," akasema polepole, "asubuhi ukiiwasha, ikikuuliza saa, unaiandikia nini?"

Nikamnyooshea mkono wenye saa ya baba. Aliitazama, akatazama saa yake, akaitazama tena ya baba, kisha akaziba uso kwa viganja. Nikadhani analia. Anacheka! Na mimi ndipo ikaniingia, kuanzia miguuni. Kompyuta ilichukua mbili zangu zote kuwa usiku wa manane, saba zangu zote kuwa asubuhi na mapema. Wale wezi wa usiku wa mlinzi walikuwa ni mimi. Na faili la mzee nimelizika mimi, kwa ukweli wangu mwenyewe.

Kicheko chake kikakatika ghafla. "Diski!"

Nilikuwa nimezisahau. Iliyokuwa ndani ilikuwa ya sita. Akaichomoa kwa nguvu, lakini ilikuwa imeshafutika, na tano kabla yake. Nikashika boksi, natafuta maandishi yangu mwenyewe kwenye karatasi. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Ishirini na mbili: mpaka Z. Haijaguswa. Mwenyezi Mungu awabariki waliokipa kijiji kile jina la mwisho.

Akaitia. Ikakwaruza kama kisu kwenye sufuria, maana vumbi la Dodoma halichagui pa kuingia, kisha kioo kikaandika maneno matatu ya Kiingereza na kunyamaza: Abort, Retry, Fail?

"Inasema nini?" mzee akauliza.

Mtaalamu akamtafsiria. "Inashindwa kusoma, mzee wangu. Inauliza: tuache, tujaribu tena, au tukubali imeshindikana?"

Mzee alivua miwani. "Iambie ijaribu tena."

Akabonyeza. Ikakwaruza, ikaandika yale yale. Mzee akasema, "Tena." Ya pili nayo, yale yale. Mimi nilikuwa nasoma kila sura ninayoijua. "Tena," akasema mzee, sauti ile ile, kama mtu anayeshusha kamba kisimani na bado hajasikia pwa. Mara ya tatu ikakwaruza kidogo, kisha ikatulia, ikasoma. Majina yakashuka kwenye kioo, na la mwisho lilikuwa la kijiji chake. 7:35a. Akalifungua. Magharibi ya korongo, hatua mia mbili na kumi kutoka mgunga mkubwa.

Nililia. Sikuona haya, nililia kwa sauti mpaka mlinzi akaja mlangoni kuuliza nani amefariki.

Mtaalamu alimshika mkono pale pale, akamwambia, "Mzee wangu, nisamehe. Aliyekuwa akiingia usiku ni huyu dada, mchana." Maneno hayo mlinzi hakuyaelewa hata kidogo, lakini barua ilichanwa mbele yake, na hiyo aliielewa.

Siku mbili zilizofuata tulizimaliza sisi watatu kwenye orodha. Mafaili yaliyoguswa siku moja hiyo hiyo kwenye kompyuta zote mbili yalikuwa arobaini hivi. Kwa kila langu tuliongeza saa sita, tukaona lipi kweli ni jipya, tukalirudisha kwa mkono. "Dada, kosa lako limenyooka," mtaalamu akaniambia. "Ungekuwa unaandika saa ya Kizungu leo na ya Kiswahili kesho, tungekwama. Ulikosea sawasawa kila siku." Sijui kama ilikuwa sifa, lakini niliichukua. Viwili tulivipoteza, vijiji vya herufi C vilivyokuwa kwenye diski za mwanzo, na mzee akapanda baiskeli yake akaenda kuvipima upya bila kulalamika. Kisha tukatoa nakala tatu, si moja. Moja ilikwenda Dar es Salaam, moja nikaiweka kwangu kwenye kopo la biskuti, na moja mzee aliitia kwenye debe la bati lenye mfuniko, akalipachika darini. Kopo langu ninalo mpaka leo.

Kabla hajaondoka, mtaalamu alipita kule shuleni kwenye kompyuta yangu ya zamani yenye betri mfu, akaiandikia programu ndogo. Ukiiwasha haiulizi tena kwa Kiingereza. Inaandika: Shikamoo. Saa ngapi kwa saa yetu? Ukijibu mbili, inaongeza sita yenyewe, kimya kimya. Baba angeikubali.

Mtambo ulifika kijijini kwa mzee siku ya Alhamisi, nami nikapanda pikapu kwenda kuona. Msimamizi wa mtambo alishika karatasi, akahesabu hatua kutoka kwenye mgunga, akachora alama kwa kisigino cha buti. Watu walisimama mbali. Hakuna aliyepiga kigelegele mapema, maana waliwahi kupiga. Mtambo ulinguruma kutwa nzima, ukitoa vumbi jekundu, kisha tope, na saa tisa alasiri ukatoa maji. Waliyaacha yamwagike mpaka yakawa meupe. Wakamletea mzee kikombe.

Alikinywa chote. Akakijaza tena akampa mkewe, mama mwembamba aliyekuwa amesimama na ndoo tangu asubuhi. Mama akaonja, akatulia, akaonja tena. Akaweka ndoo chini, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na hapo ndipo kijiji kizima kikampokea.

Jioni mama alitupikia chai kwa maji yale. Tukakaa kwenye vigoda nje ya nyumba, mzee katikati yetu, watoto wanamchungulia na hakuna aliyemwita lile jina. Akavuta bakuli la sukari bila kuangalia, kwa mazoea. Kijiko, kijiko, kijiko, mpaka sita, akakoroga, akapiga funda kubwa. Uso ukamkunjamana.

"Mwe!" akasema. "Mbona tamu hivi?"

Mkewe alicheka hadi akashika mbavu, na mzee mwenyewe akacheka, machozi yakimtiririka, hajafuta. Mama akamwaga kikombe kile pembeni, akammiminia kingine.

"Jaribu tena," nikamwambia.

Akatia kijiko kimoja.